Bukari ya Saa Sita: Kula Mchana Kasulo Siku ya Kazi

Mchimbaji wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi huku Kongo, anapouza gunia lake, vipimo vyote viwili viko mikononi mwa mwingine: mizani, na kile kimashine kinachosoma kiwango cha kobalti, ambacho Kolwezi nzima inakiita Metorex. Akiambiwa kiwango ni kidogo, hana cha kujibu. Lakini saa sita mchana anasimama mbele ya sufuria ya mama malewa, na hapo kipimo ni jicho lake mwenyewe. Anaona bukari inavyotoka, anaona ukubwa wa samaki, bei anaijua tangu jana. Akipunjwa leo, kesho anahamia meza ya jirani, hatua kumi tu.

Ndiyo maana mgeni akiniuliza wapi atakula mchana vizuri kwa pesa kidogo, simpeleki hotelini. Namwambia asubiri siku ya kazi, kati ya Jumatatu na Ijumaa, kisha afuate watu waliotoka kuuza magunia. Wale wameshapunjwa asubuhi. Hawakubali kupunjwa mara ya pili siku hiyohiyo.

Kwanza tuelewane kwa maneno, maana Kiswahili ni kikubwa na kila mji una lugha yake ya jikoni. Malewa ni kile ambacho Dar es Salaam wangekiita kwa mama ntilie: kibanda cha turubai au bati, mabenchi mawili, majiko ya makala (yaani makaa), na mama anayepika kwa ajili ya wanaofanya kazi karibu. Bukari ni ugali. Sombe ni kisamvu, na lengalenga ni mchicha. Mboga ni chochote kinacholiwa na bukari, hata kama ni nyama ya mbuzi. Ukisikia mtu anasema leo hana mboga, usidhani anazungumzia majani.

Siku ya kazi ina faida yake, na inatokana na hesabu za mama. Jumatatu hadi Ijumaa anajua takriban watu wangapi watakuja: wachimbaji, wabeba mizigo, waoshaji wa mawe, waendesha pikipiki, makarani wa depo, mafundi wa gereji, walimu wa shule ya jirani. Anapika kwa kiasi, sufuria inakwisha, na hakuna kinacholala. Faida yake inatoka kwenye wingi wa sahani, kwa hiyo anaweza kushusha bei ya sahani moja. Jumamosi hesabu inayumba, na Jumapili wengi wako kanisani hadi mchana. Malewa chache zilizo wazi hupika kidogo na kuuza ghali zaidi, au zinapasha moto kilichobaki. Jambo hili si la Kongo peke yake. Huko Ufaransa, kwenye miji ya mizabibu ambako chakula cha jioni hugharimu pesa nyingi, migahawa mingi huandika kibaoni sahani ya mchana ya siku za kazi kwa bei nafuu, kwa sababu ileile: fundi na karani wa jirani lazima wale, na lazima warudi kazini. Wabelgiji walituachia jina la Kifaransa la sahani hiyo, na katikati ya Kolwezi utaliona limeandikwa kwa chaki: plat du jour. Kama unataka meza yenye kitambaa na feni, ingia hapo siku ya kazi, uombe plat du jour na uiache ile orodha ndefu. Ni chakula kilichopikwa asubuhi kwa wote. Kile cha kwenye orodha kitapikwa kwa ajili yako peke yako, utakisubiri saa nzima, na utalipia kila dakika ya kusubiri.

Mimi lakini naandika kuhusu malewa, na hasa za Kasulo.

Kasulo ulikuwa mtaa wa kawaida wa makazi. Mwaka 2014 mkazi mmoja aliyekuwa akichimba kwenye kiwanja chake alikuta heterogenite, lile jiwe jeusi lenye kobalti, na baada ya hapo watu wakaanza kuchimba chini ya nyumba zao, uani, hata chumbani. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, waliokuwa wakiishi ndani wakahamishwa, na ununuzi wa mawe ya humo ukawekwa mikononi mwa Congo Dongfang Mining, kampuni iliyo chini ya Huayou Cobalt ya China. Nakukumbusha haya kwa sababu yanaamua unapoweka mguu. Ndani ya ukuta huingii bila ruhusa, wala huna haja ya kuingia kwa ajili ya chakula. Nje ya ukuta bado kuna mashimo kwenye viwanja, mengine yamefunikwa turubai, mengine yameachwa wazi. Fuata njia ambayo watu wanapita. Usikatize uani kwa mtu ili kufupisha safari, na usitoe simu kupiga picha za watu wanaobeba magunia. Wengi wanahofia picha zinakoishia, na mwenye hofu hatakuonyesha malewa nzuri.

Malewa unazozitaka ziko kwenye njia za kutokea: barabara inayoelekea kwenye depo za wanunuzi, njia panda zinaposimama pikipiki, pembeni ya soko. Utazijua kwa moshi wa makala kuanzia saa nne asubuhi. Fika kati ya saa sita na saa saba. Kabla ya hapo bukari haijasongwa. Baada ya saa nane unachopata ni kile ambacho wengine walikiacha, na mboga imekauka pembeni mwa sufuria.

Ukifika usikae mara moja. Zunguka. Mwenyeji hufanya hivyo na hakuna mama anayekasirika. Angalia vifuniko. Mama anayefunika kila sufuria, akafunua ya mboga kwa sekunde anapochota na kuifunika tena, huyo anaijua Kasulo: vumbi la hapa si vumbi la barabarani tu. Angalia idadi ya sufuria pia. Mboga mbili au tatu ni dalili nzuri. Ukiona nane, jiulize ni ngapi kati yake zilipikwa leo. Tazama na maji ya kunawa, kama yanabadilishwa au beseni moja limekaa tangu asubuhi hadi limegeuka rangi ya chai.

Kisha tazama bukari inavyosongwa, maana hapo ndipo unaponunua uzito. Maji yanachemka, unga unaingia kidogo kwanza upate uji, kisha unaingia mwingi, na mama anashika mwiko kwa mikono miwili, mguu mmoja umekanyaga kipande cha chuma kinachoishikilia sufuria isizunguke. Mchanganyiko unakuwa mzito, unaanza kutoa sauti ya kupasuka chini. Akiharakisha kuutoa, unga unabaki mbichi katikati na tumbo lako litalijua hilo saa kumi. Anayejua kazi anafunika, anauacha uive kwa mvuke, anarudi kuusonga mara ya pili. Halafu analowesha bakuli, anachota, analizungusha mara mbili tatu, na donge linateleza sahanini likiwa duara, linang'aa, mvuke juu yake. Bonyeza kwa kidole. Likirudi polepole, limeiva. Likibaki na shimo na kidole kikatoka na unga, omba lingine kwa heshima. Mama mwenye jina lake atakubadilishia.

Wengi hapa huchanganya unga wa mahindi na wa muhogo. Usiichukulie kama wizi. Bukari ya mchanganyiko inavutika, inashika mboga vizuri, na wako watu wasioitaka nyingine. Ila mchanganyiko una bei yake, kwa hiyo uliza ni ya nini kabla hujalinganisha meza hii na ile.

Kuuliza ni rahisi. Salimia kwanza, daima. "Jambo mama." Akikujibu, uliza: "Leo kuko mboga gani?" Atakuhesabia: kuko sombe, kuko maharagi, kuko samaki, nyama itatoka nyuma kidogo. Hapo uliza bei ya kila kimoja, kwa sababu donge la bukari lina bei yake na mboga ina yake. Wageni wengi hukosea hapa: wanaomba "chakula," wanaletewa sahani kubwa yenye nyama, wanalipa bei ya nyama. Donge moja kubwa na mboga mbili za majani vinashibisha watu wawili wasiobeba magunia. Kula na mwenzio sahani moja si aibu Kasulo. Ndivyo wengi wanavyofanya tarehe zikiwa mbaya.

Ukiniuliza mimi, thamani kubwa kuliko zote ni sombe. Majani ya muhogo yanatwangwa kinuni, yanachemshwa muda mrefu hadi ukali wake uishe (na hapa usikubali njia ya mkato, majani mabichi ya muhogo yana sumu), kisha yanatiwa mafuta ya mawese, kitunguu, pengine samaki mdogo mkavu au karanga. Mama ametumia nusu ya asubuhi kwa sufuria hiyo, nawe unalipa kidogo kuliko chochote kingine mezani. Sombe nzuri ni ya kijani iliyokolea, mafuta yamejitenga kidogo pembeni, na haikwaruzi kooni.

Samaki anahitaji macho zaidi. Yule anayeitwa Thomson ni samaki wa bahari anayekuja akiwa amegandishwa kutoka mbali, kwa malori yanayopita Zambia. Akikaangwa siku ileile ni mtamu na bei yake inavumilika. Akiyeyushwa na kugandishwa tena na tena kwa sababu ya umeme kukatika, nyama yake inavunjika kama mkate. Mwinue kwa mfupa wa mgongo: akikatika kabla hajafika mdomoni, mwache. Samaki wa maji yetu, wa mto Lualaba na wa ziwa Nzilo lililotokana na bwawa la umeme la miaka ya 1950, ni wachache zaidi sokoni na hugharimu zaidi. Wakiwepo, lipa, ila agiza mkia na kichwa kama unajua kula samaki. Wenye haraka wanakimbilia katikati na kukuachia utamu.

Nyama ya mbuzi siku ya kazi siiagizi. Vipande ni vidogo, mfupa ni mwingi, na pesa ileile ingekupa mboga tatu. Subiri jioni, kwenye majiko ya mishikaki. Msimu wa mvua ukianza, kuanzia Novemba, jambo jingine linakuja: uyoga wa porini kutoka misitu ya miombo, na viwavi, ambao wenye asili ya Kibemba huwaita vinkubala. Ukiwakuta kwenye malewa, wala usifikirie mara mbili. Wanakaa wiki chache tu katika mwaka na hakuna hoteli inayowapika vizuri kama mama aliyekua akiwaokota.

Sasa bei. Nisingependa kukupa tarakimu ambayo itakuwa imezeeka wiki ijayo, bali nikuonyeshe inakotoka. Unga wa Kolwezi kwa sehemu kubwa unategemea mahindi ya Zambia yanayopita mpaka wa Kasumbalesa. Mwaka 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, ikazuia mahindi yake yasitoke. Na Agosti mwaka huohuo mpaka wenyewe ulifungwa kwa siku kadhaa kwa sababu ya mzozo wa biashara ya bia na vinywaji baridi. Mambo kama hayo yanafika kwenye sahani upesi. Mama huwa hapandishi bei, analipunguza donge. Kwa hiyo ukirudi baada ya miezi na kuona bei ni ileile, tazama bakuli alilochotea. Wazee waliofanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, wanakumbuka posho, magunia ya unga yaliyokuja nyumbani pamoja na mshahara, na wanapolitazama donge dogo la leo wananyamaza kidogo kabla ya kunawa.

Beba faranga, tena ndogo ndogo. Dola inapita kila mahali Kolwezi, lakini ukilipa chakula cha mchana kwa dola utabadilishiwa kwa kiwango cha mama, na hana kosa, kwani naye atapoteza akienda kubadilisha. Mwaka 2024 dola moja ilikuwa karibu na faranga 2,800. Baadaye faranga ikapanda thamani, na wengi waliozoea hesabu ya zamani walijikuta wanalipa zaidi bila kujua. Uliza kiwango asubuhi, kwa mbadilisha pesa wa barabarani, kabla ya njaa. Na kama noti yako ya dola ina mchaniko hata wa upana wa ukucha, iache nyumbani. Hakuna atakayeipokea.

Kuhusu kupunguziwa bei, msimamo wangu ni mkali. Usimshushe mama malewa. Ameshapanga faida ndogo, na mtaji wake mara nyingi umetoka kwenye likelemba, kile chama cha akina mama kuchangiana kwa zamu. Ukimnyang'anya faranga 500 umekula makala ya kesho. Unachoweza kuomba, na mwenyeji anaomba bila woga, ni nyongeza: mchuzi kidogo, pilipili, kipande cha bukari ukimaliza mboga kabla. "Mama, niongeze kidogo." Hilo halimuumizi, na akikupa leo atakukumbuka kesho. Mteja wa siku tatu mfululizo anachotewa tofauti na wa siku moja. Nimeona sahani mbili za bei moja zikitoka kwenye sufuria moja, na ile ya mteja wa kila siku ilikuwa na kichwa cha samaki kilichofichwa chini ya sombe.

Kuna jambo ambalo lazima nilieleze kwa uzito, kwa sababu napenda watu wanaokula hapa. Mwaka 2018 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, wakiwemo watafiti wa Leuven nchini Ubelgiji, walichapisha katika jarida la Nature Sustainability matokeo ya vipimo vya mkojo na damu ya wakazi wa Kasulo. Walikuwa na kobalti nyingi zaidi kuliko watu wa mtaa wa jirani usiochimbwa, na watoto ndio waliokuwa katika hali mbaya zaidi. Vumbi ni njia mojawapo, na vumbi linafika mkononi kabla halijafika mdomoni. Nawa mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni, si kwa kuchovya beseni. Mama akiwa na jagi, mwombe akumiminie. Kama umeshika gunia au jiwe, nawa mara mbili, hadi kucha. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo unaponyanyua udongo, kaa ndani au upande uliokingwa, na usile kitu kilichoanikwa wazi kando ya barabara. Majani nayo yaulizie yanatoka wapi. Lengalenga iliyolimwa kwenye bonde linalopitisha maji ya kuoshea mawe mimi siili, hata kama imenona. Mama anayenunua kutoka mashamba ya mbali atakuambia kwa fahari. Anayesita, agiza maharagi.

Maji ya kunywa njoo nayo, au nunua chupa ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, kinapoza koo na kinashibisha, lakini uchachu wake hausafishi maji machafu. Kinywe kwa mama unayemjua tu. Bia za Simba na Tembo ziko kila mahali na ni baridi. Mchana wa siku ya kazi nakushauri uziache, hasa kama unarudi kwenye njia zenye mashimo. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, usiiguse saa yoyote.

Ukikaa, jisogeze. Benchi la malewa halina nafasi ya mtu mmoja. Sema "tukaribie" kwa waliokutangulia, nao watakukaribisha kwenye chakula chao. Shukuru, na si lazima uchovye. Kula kwa mkono wa kulia. Finyanga tonge dogo, libonyeze kwa kidole gumba lipate kishimo, chota mboga. Mtu mzima akiwa mezani, mwachie aanze. Usikawie baada ya kumaliza, maana nyuma yako kuna aliyesimama na njaa, na kila mkao ni pesa ya mama. Rudisha sahani mwenyewe, lipa mkononi mwake, sema "aksanti mama," umwambie kama utakuja kesho. Hiyo taarifa ina thamani kwake kuliko unavyodhani, kwa sababu jioni ndipo anapopima unga wa kesho.

Kama umechelewa ukafika saa tisa na sufuria zimeshapinduliwa kukauka, usimlazimishe awashe moto upya. Muulize ni nani bado anauza. Atakuelekeza kwa mwenzake wa likelemba, mbele kidogo, baada ya gereji, na ukifika huko useme ni nani aliyekutuma.